Bweni Letu na Karatasi Zake: Maelezo ya Kamati ya Fedha kuhusu Mawakili wa Biashara wa Mwanza

(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya Kamati ya Fedha katika hafla ya harambee ya mwaka)



Mwaka jana, katika hafla kama hii, mzee wetu mmoja alisimama akatuuliza swali fupi. Alisema, "Wanangu, bweni lilifika lenta mwaka juzi. Nimepita pale juzi, bado liko lenta. Hela zinakwenda wapi?" Sisi wa Kamati ya Fedha tulisimama tukasoma mapato na matumizi mpaka shilingi ya mwisho. Hesabu zilikuwa sahihi. Mzee akashukuru, akakaa. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani tuliambiana ukweli, kwamba swali lake hatukulijibu. Tulimwonyesha kwamba hela hazijaibwa. Hatukumwambia kwa nini bweni halina paa.

Jioni hii tunamjibu, na tunawajibu ninyi nyote. Bweni halikusimama kwa kukosa saruji wala bati. Limesimama kwa sababu ya karatasi. Na kosa la karatasi hizo, sehemu yake kubwa ni letu, sisi wa kamati hii.

Wengi mnakumbuka tulivyoanza. Mabinti wetu wa sekondari walikuwa wanapanga mageto karibu na shule. Chumba kimoja wasichana watatu, wanapika wenyewe, wanalala mlango umefungwa kwa kamba. Wengine walivuka kwa mtumbwi kila Jumatatu na kurudi Ijumaa. Tukasema chama kijenge bweni. Eneo la shule lilikuwa limebana na nusu yake ni mawe, kwa hiyo tukanunua kiwanja kando ya shule kutoka kwa mwanakijiji, kwa hela za michango yetu. Siku ya mauziano walikuwepo mtendaji wa kijiji, mashahidi na viongozi wetu. Karatasi ya mauziano ikaandikwa. Mahali pa mnunuzi likaandikwa jina la mwenyekiti wetu wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Jina lake yeye kama mtu. Jina la chama halikuandikwa popote.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Chama kilikuwa na cheti cha usajili na akaunti ya benki, lakini pale kijijini walitaka jina la mtu wanayemfahamu, na kila mtu alimfahamu mwenyekiti. Katika bajeti ya mwaka ule kulikuwa na kifungu cha ada za kisheria, shilingi 800,000. Kamati ya Fedha ilikikata. Tunakumbuka hata maneno tuliyosema: "Wakili wa nini, sisi ni ndugu." Zile laki nane zikanunua mawe ya msingi, na tukapigiwa makofi kwa kubana matumizi.

Mwenyekiti akafariki. Msiba tukauzika wote. Miezi michache baadaye mmoja wa watoto wake, katika kupanga vitu vya baba, akakuta karatasi ile kwenye sanduku. Akaona kiwanja, akaona jina la baba yake, akaona mihuri ya kijiji. Akahesabu kwamba ni mali ya urithi. Tunapenda hili lieleweke, hasa kwa sababu familia iko nasi humu ukumbini na tunaiheshimu sana: kijana hakuwa mwizi. Alisoma karatasi kama ilivyoandikwa.

Mwaka uliofuata tukapata bahati. Taasisi moja inayosaidia elimu ya wasichana ilikubali kutuezekea na kutuwekea vitanda, msaada wa takriban shilingi milioni 40. Ikaomba vitu vitatu: cheti cha usajili wa chama, katiba, na uthibitisho kwamba kiwanja ni cha chama. Viwili tulikuwa navyo. Cha tatu tukapeleka ile karatasi ya mauziano pamoja na barua yetu ya maelezo. Wakatujibu kwa adabu kwamba hawawezi kujenga juu ya ardhi ya mtu binafsi. Muda ukaisha, hela zikaenda wilaya nyingine. Kwa hiyo ukichukua daftari letu, utaona tuliokoa laki nane na tukapoteza milioni 40. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, na mali ikapotea huku tunaiandika.

Ndipo tulipoanza kutafuta mawakili. Na kwa kuwa wengi wenu mna biashara, mna viwanja, mna ushirika wa mashua na magari, tumeona tuwaeleze tulichojifunza kuhusu ofisi za mawakili wa biashara katika mji huu, kwa kirefu kidogo, ili mtu asirudie safari yetu.

Kwanza, tujue mji wetu. Mwanza si mji mdogo kwa mambo ya biashara. Kwa miaka mingi pamba ya Kanda ya Ziwa ilipita hapa. Vikaja viwanda vya minofu ya sangara, na kisha migodi mikubwa ya dhahabu ya Geita na Bulyanhulu. Panapokuwa na biashara ya namna hiyo pana mikopo, rehani, mikataba ya kusambaza bidhaa, kodi, na ugomvi. Mahakama Kuu ina Kitengo cha Biashara kilichoanzishwa mwaka 1999, na nje ya Dar es Salaam kimekuwa na masjala Arusha na hapa Mwanza. Vilevile Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinawataka wenye leseni za madini watumie mawakili wa Kitanzania kwa huduma za kisheria wanazozihitaji hapa nchini. Kwa hiyo kazi za kampuni na biashara zipo hapa, na mawakili wa kuzifanya wapo.

Lakini ukiuliza ni ofisi zipi zinazoongoza, utapata majibu ya aina mbili. La kwanza ni la vitabu. Kuna machapisho ya kimataifa kama Chambers and Partners, Legal 500 na IFLR1000, ambayo kila mwaka hupanga kampuni za mawakili za nchi nyingi kwa madaraja. Kwa Tanzania, majina mengi yanayotajwa humo yana makao Dar es Salaam. Mengine ni matawi ya majina makubwa ya nje, kama Bowmans yenye asili ya Afrika Kusini na Clyde & Co ya London. Hao ndio wanaoshughulikia benki kubwa, miungano ya kampuni na mikataba ya gesi. Mtu akitaka kununua kiwanda, huko ndiko aanzie.

Jibu la pili ni la mtaani, na kwa watu kama sisi lina maana zaidi. Mwanza huwezi kuona bango la wakili linalosema "sisi ni bora", kwa kuwa kanuni za maadili ya mawakili zinawabana wasijitangaze kama maduka. Kwa hiyo sifa ya ofisi inatembea kwa midomo ya maofisa wa benki, wahasibu, makarani wa mahakama na wateja waliotangulia. Tukaanza kuuliza hao. Tukapata orodha fupi, tukatembelea.

Ofisi ya kwanza ilikuwa na vioo, kiyoyozi na kahawa. Wakili mwandamizi alitusikiliza nusu saa, akafanya jambo ambalo tunamheshimu mpaka leo. Akatuambia, "Ndugu zangu, gharama zangu zimepangwa kwa ajili ya migodi na benki. Nikiwatoza ninavyowatoza wao nitawamaliza, na nikiwapunguzia faili lenu litakaa chini ya mafaili mengine. Tafuteni ofisi ambayo kazi yenu itakuwa kazi kubwa kwao." Hilo ni somo la kwanza. Ofisi inayoongoza kwa mgodi inaweza isiwe inayoongoza kwa chama cha maendeleo.

Wa pili hakuwa na ofisi. Tulimkuta nje, karibu na majengo ya mahakama, ana mkoba wenye mihuri miwili. Akasema atatuandikia kila kitu kwa shilingi laki moja na nusu, siku hiyo hiyo. Tukamuuliza jina lake kamili ili tuliangalie kwenye orodha ya mawakili. Akasema simu yake inaita, akaondoka. Mnawajua hao, tunawaita vishoka. Tunawataja kwa sababu baadhi yetu humu ndani tumeshawatumia, na mikataba yetu ya mashamba imeandikwa na wao. Sheria ya Mawakili hairuhusu mtu asiye na sifa kuandaa hati za namna hiyo kwa malipo, na inataka anayeandaa hati aweke jina lake na anwani yake juu yake. Nyaraka isiyo na jina la mwandishi inaweza kukataliwa pale msajili anapoipokea.

Ofisi ya tatu ilitupendeza sana. Tulipotaja jina la marehemu na watoto wake, wakili akasimamisha mazungumzo. Akatuambia ofisi yake inamtetea mmoja wa wanafamilia katika shauri la biashara lisilohusiana na kiwanja chetu, na hivyo hawezi kutuwakilisha sisi pia. Hakutaka kusikia zaidi. Hakututoza hata senti. Wakati ule tulikasirika kidogo, maana tulishachoka kutembea. Sasa tunaona kwamba mtu anayekataa hela yako kwa sababu ya mgongano wa maslahi ndiye ambaye kesho utampelekea siri zako bila wasiwasi.

Ya nne ndiyo tuliyoichagua. Iko ghorofa ya pili katika jengo la zamani katikati ya mji, ngazi zake zimelika. Ina mawakili watatu, na mmoja wao kazi yake kubwa ni kampuni, vyama na ardhi. Kabla ya kuzungumza bei alitaka mihtasari ya vikao. Akaisoma mbele yetu kwa saa nzima. Akaenda kwenye muhtasari wa kikao kilichoamua kununua kiwanja, akaweka kidole, akasema, "Hii ndiyo itakayowaokoa." Maana katibu wetu wa wakati ule, mama mmoja mwalimu, aliandika vizuri kwamba hela ni za chama, kiwanja ni cha chama, na mwenyekiti anasaini kwa niaba ya chama. Mama huyo yuko hapa. Tunaomba mumpigie makofi.

Jina la ofisi hatuliandiki katika kijitabu hiki, kwa kuwa chama si wakala wa kutafutia watu wateja. Anayelihitaji amwone katibu.

Sasa tuwape vipimo tulivyovitumia, mvitumie nanyi.

Kwanza, uhai wa leseni. Wakili lazima awe na cheti cha kufanya kazi ya uwakili kinachohuishwa kila mwaka. Orodha ya mawakili inapatikana kwenye mfumo wa Mahakama mtandaoni, unaangalia jina kwa simu yako. Mawakili wa Tanzania Bara pia ni wanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, kilichoanzishwa mwaka 1954. Usione haya kuangalia. Wakili wa kweli hachukii.

Pili, uliza nani hasa atashika faili. Katika ofisi nyingine unapokelewa na mkubwa, kisha kazi inafanywa na kijana aliye mafunzoni. Si vibaya kijana kufanya kazi, lakini ujue jina lake, na ujue nani anaikagua.

Tatu, makubaliano ya kazi yaandikwe. Barua ya kurasa mbili inatosha: kazi ni ipi, inaishia wapi, ada ni kiasi gani, inalipwa kwa awamu ngapi, na gharama zipi haziko ndani ya ada. Kuna Amri ya Ada za Mawakili ya mwaka 2015, Tangazo la Serikali Na. 264, inayoweka viwango kwa kazi mbalimbali. Mwombe wakili akuonyeshe kazi yako inaangukia wapi.

Nne, hela zako zikae wapi. Hela unayompa wakili akulipie kiwanja au ada za serikali si hela yake. Inatakiwa ikae kwenye akaunti ya wateja, mbali na hela za ofisi. Sisi wahasibu tuliuliza swali hili kila mahali tulipokwenda, na namna mtu anavyolijibu inakwambia mengi.

Tano, muulize asichokiweza. Wakili wetu alituambia waziwazi kwamba hawezi kuharakisha mkutano wa kijiji na hawezi kutuahidi siku. Angetuahidi, tungeondoka.

Mtauliza imetugharimu nini. Ada tuliyokubaliana ni shilingi 3,500,000 kwa kazi yote. Ofisi imesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo inaongezeka asilimia 18, ambayo ni 630,000. Jumla ni 4,130,000. Katika malipo hayo sisi tunakata kodi ya zuio asilimia 5 ya ada, yaani 175,000, tunaipeleka TRA, na wakili anapata cheti chake. Risiti za EFD ziko kwenye faili na mwanachama yeyote anaweza kuja kuziona. Ada za serikali, nauli za kivuko na gharama za viapo tunalipa kadiri zinavyotokea. Tumelipa awamu mbili kati ya tatu.

Na kazi yenyewe ni ipi? Wakili aliigawa sehemu tatu, na tunawaeleza kwa lugha ya kawaida.

Sehemu ya kwanza ni chama chenyewe. Tulidhani cheti chetu cha usajili chini ya Sheria ya Vyama kinatosha kumiliki ardhi. Hakitoshi. Cheti kile kinatambua kwamba tupo kihalali, lakini hakitufanyi tuwe mtu mmoja mbele ya sheria anayeweza kuandikwa kwenye hati. Kwa hilo tunahitaji Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini. Bodi ikishasajiliwa, inamiliki mali kwa jina lake, inashtaki na kushtakiwa, na mdhamini mmoja akifariki mali haimfuati kaburini wala haiingii kwenye sanduku la watoto wake. Anateuliwa mwingine na RITA inaarifiwa. Kazi hii imekamilika. Cheti cha wadhamini tunacho, na nakala yake imebandikwa pale mlangoni.

Sehemu ya pili ni mirathi. Kwa kuwa karatasi ina jina la marehemu, hakuna mtu, hata awe mke au mtoto, anayeweza kusaini kwa niaba yake mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Hapa tulikuwa na hofu kubwa, kwamba tutaingia mahakamani na familia ya mtu tuliyemzika kwa mikono yetu. Wakili akatushauri tuanze na mazungumzo, si shauri. Tukaenda, wazee wanne na sisi wawili wa kamati, tumebeba ule muhtasari. Mama mjane akausikiliza ukisomwa, akasema, "Marehemu aliniambia kile ni kiwanja cha mabinti. Mimi nilijua siku zote, ila hakuna aliyekuja kuniuliza." Kijana wake akaomba kuusoma mwenyewe. Akausoma mara mbili, akarudisha. Leo mama ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa, na ameandika kwamba kiwanja kile si sehemu ya mali za marehemu. Mama, chama kinakushukuru. Na wewe kijana wetu, tunakushukuru pia.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyobaki, na ndiyo ngumu. Kiwanja kiko kwenye ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ina utaratibu wake. Halmashauri ya kijiji haiwezi kutoa haki ya ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Tena sheria inatofautisha mwanakijiji na asiye mwanakijiji, na ukweli mchungu ni kwamba wengi wetu tuliomo humu ukumbini, kwa macho ya sheria, si wanakijiji tena. Tuna makaburi ya babu zetu pale, lakini tunakaa Nyakato, Buhongwa na Kigamboni. Kwa hiyo maombi ya Bodi yetu yanapelekwa kwa njia iliyowekwa kwa taasisi kama yetu, na wanakijiji watatuuliza maswali. Wana haki ya kuuliza. Pengine watakubali kwenye mkutano ujao, pengine wataahirisha. Hatuwezi kuwaahidi.

Kabla ya kufika kwenye ombi letu, neno moja kwa wafanyabiashara wetu. Tunajua humu ndani mna watu wawili waliochangia injini ya mashua kwa kupeana mikono. Mna dada anayepeleka dagaa kwa mnunuzi wa nje ya mkoa bila mkataba wa siku ya malipo. Mna vijana waliosajili jina la biashara BRELA wakadhani wamesajili kampuni. Jina la biashara ni jina tu, na deni lake ni deni lako, mpaka nyumba yako. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, ina madeni yake na mali zake. Tofauti hiyo inaelezwa na wakili kwa saa moja. Nenda ukalipie saa hiyo moja wakati bado mnacheka pamoja. Ukienda mmeshanuniana, utalipia miaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumeshajenga, tunajua bei ya tofali.

Sasa ombi letu.

Mezani kwenu mna kadi mbili. Kadi ya kijani ni ya karatasi: awamu ya mwisho ya wakili, gharama za kijiji, upimaji na hati. Kadi ya njano ni ya paa, milango, vitanda na matangi ya maji. Tunajua ya njano ndiyo inayopendeza. Hakuna mtu anayepiga picha na hati. Lakini tunawaomba kila mmoja ajaze zote mbili, hata kama ya kijani ni shilingi elfu tano.

Na kwenye ya njano tunaomba kitu ambacho kamati za fedha huwa haziombi. Changeni kwa ajili ya paa, kisha mtupe ruhusa tusinunue bati hata moja mpaka hati itoke kwa jina la Bodi ya Wadhamini. Hela zitakaa benki kwenye akaunti ya chama, saini tatu, na taarifa ya benki itawekwa kwenye kundi letu la WhatsApp kila mwisho wa mwezi. Mtapita pale mtaona kuta bado ziko lenta, pengine kwa mwaka mwingine mmoja. Mtasikia maneno. Tunaomba mtuvumilie, na mkiulizwa, mjibu kama tulivyowajibu leo.

Tunajua tunachoomba ni kigumu. Mabinti bado wako mageto usiku huu tunapokula hapa. Kila muhula unaopita ni muhula wao. Ingekuwa rahisi kuezeka mwezi ujao na kupiga picha na mgeni rasmi. Lakini tukiezeka juu ya jina la mtu, siku moja atakuja mtu mwingine na karatasi nyingine, na atakayetolewa nje na godoro lake ni binti wa kidato cha pili. Tulishafanya haraka mara moja. Hatutaki kuifanya mara ya pili kwa hela zenu.

Mzee wetu aliyetuuliza mwaka jana, uko pale meza ya mbele. Hilo ndilo jibu lako, mzee. Tunaomba radhi kwa kulichelewesha.

Mungu awabariki, aibariki Ukerewe, na atujalie tukutane mwakani tukiwa na hati mkononi.